Naomba ushauri: kifaa gani cha kupimia baruti kinafaa kwa risasi za raifoli?

Mlengaji wa Mbali aliandika:

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni mlengaji wa shabaha mwenye kibali cha silaha na idhini ya kujaza upya maganda yangu mwenyewe. Nina bunduki mbili: moja ya .223 Remington, ambayo naitumia kwa mita 100, na nyingine ya .308 Winchester, ambayo nataka kuanza kulengea umbali wa mita 600. Hadi sasa nachota baruti kwa vijiko vya plastiki vya ujazo maalumu, kisha kila kipimo nakihakiki kwenye mizani ndogo ya kielektroniki. Kazi inakwenda, ila ni ya taratibu mno, na mizani yenyewe ina tabia inayonitia shaka: naweka kisahani kitupu inasoma sifuri, nakirudisha baada ya muda kikiwa kitupu vilevile inasoma 0.2 au hata 0.3 ya greini (kipimo kidogo cha uzito tunachopimia baruti), ilhali hakuna aliyeigusa.

Sasa nataka kununua vifaa vya kudumu na nimejikuta njia panda. Wapo wanaosema ninunue mashine ya kupimia kwa ujazo, ile yenye tangi juu na mpini wa kuvuta. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya zamani, ninunue mashine ya kielektroniki inayomimina na kupima yenyewe. Na wapo wanaosisitiza kwamba mizani nzuri ya mkono, ile ya kulinganisha kwa mawe, pamoja na kidondoshi, kijibomba cha kuangusha punje moja moja, vinatosha kabisa. Kwa .223 natumia baruti ya punje za duara, na kwa .308 natumia Varget, ambayo ni ya vijiti. Naomba kujua kipi kitangulie, na sababu zake.

Msimamizi wa Jukwaa aliandika:

Kabla majibu hayajaanza, nawakumbusha kwamba uzi huu unahusu vifaa. Tafadhali msiandike uzito wa baruti wa kuweka kwenye ganda lolote. Hayo kila mtu ayasome kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti yake.

Fundi Mizani aliandika:

Ndugu, jibu la swali lako umelitoa mwenyewe bila kujua, pale uliposema mizani yako inahama. Anza hapo. Mashine ya kumimina, iwe ya bei kubwa au ndogo, haiwezi kuwa sahihi kuliko mizani unayoitumia kuirekebisha, kwa hiyo anayenunua mashine kwanza na kubaki na mizani mbovu anakuwa ameongeza kasi ya kukosea.

Mizani nyingi ndogo za kielektroniki zinafanya kazi kwa kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kinapobeba uzito, na juu yake zimebandikwa nyuzi ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri chuma kinavyopinda. Tatizo ni kwamba ukinzani huo hubadilika pia kwa joto. Ndiyo maana mizani iliyowashwa sasa hivi husoma tofauti na ileile ikishakaa nusu saa, na ndiyo maana feni, dirisha lililo wazi, au simu iliyowekwa ubavuni mwake vinaweza kuipeleka kokote. Iwashe mapema, iweke mahali pasipo upepo, kwenye meza isiyotikisika, na usiiweke kwenye meza ileile unayoshindilia maganda.

Mizani ya mkono, ile ya kulinganisha kwa mawe yanayosogezwa kwenye alama, haina umeme wa kuhama. Inakaa juu ya ncha mbili kali kama za kisu zinazolala kwenye vijiwe vigumu, na nyingi zina sumaku ya kutuliza mkono usiendelee kuyumba. Ikiwa ncha ni safi na mizani imesawazishwa mezani, itakuonyesha 0.1 ya greini leo, mwakani na miaka mingi baadaye. Usitie mafuta kwenye zile ncha. Mafuta yanashika vumbi na mkono unaanza kukwama. Na uisome ukiwa umelingana nayo macho kwa macho, maana ukiitazama kutoka juu alama inadanganya.

Vyovyote utakavyochagua, nunua na mawe ya kuhakikia. Jiwe moja lenye uzito ulio karibu na kipimo unachokitumia lina faida kuliko lile kubwa la kusawazishia linalokuja na mizani, kwa sababu mizani inaweza kuwa sahihi kwenye gramu 50 na ikakosea kwenye gramu 3.

Kasi na Shabaha aliandika:

Mkuu, nunua mashine ya kielektroniki na umalize mjadala. Unaandika namba, unabonyeza, inamimina yenyewe kwa kasi mwanzoni kisha inapunguza hadi inadondosha punje chache chache, na wakati huo wewe unashindilia kichwa cha risasi kwenye ganda lililotangulia.

Mkongwe wa Benchi aliandika:

Ndugu yangu Kasi na Shabaha hajakosea, ila jibu lake ni la mtu wa baruti moja, na mwuliza swali ana baruti mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Baruti ya punje za duara inatiririka karibu kama maji. Katika mashine ya ujazo, ile yenye silinda inayozunguka na tundu la kurekebishwa kwa skrubu, baruti ya namna hiyo inajaa tundu sawasawa kila mara, na mtu mwenye mkono uliotulia anaweza kupata vipimo visivyopishana zaidi ya 0.1 ya greini juu au chini. Kwa .223 ya mita 100 sioni sababu ya kupima kila ganda kwa mizani. Rekebisha mashine, mimina vipimo kadhaa na uvirudishe kwenye tangi ili baruti ikae sawa, kisha pima kimoja kimoja hadi uridhike, na baada ya hapo hakiki kimoja kila baada ya maganda kadhaa.

Baruti ya vijiti ni habari nyingine. Vijiti vinalala ovyo, vingine vinabaki nusu ndani ya tundu na nusu nje, na silinda inapozunguka inavikata. Utausikia mkononi: mpini unakwaruza, unasita, halafu unaachia kwa ghafla. Ule mshtuko unatikisa tangi, na baruti iliyotikiswa inajipanga upya, hivyo kipimo kinachofuata kinatoka kizito kidogo. Ndipo unapoona tofauti ya 0.2, 0.3 na zaidi, na hakuna skrubu ya kuiondoa. Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo sababu baruti ya vijiti iitwayo H4831 ina ndugu yake iitwayo H4831SC, yenye vijiti vilivyofupishwa ili vipimike vizuri zaidi.

Kwa Varget, kwa hiyo, weka mashine ya ujazo imimine pungufu kidogo ya unachotaka, pokea baruti kwenye kisahani juu ya mizani, kisha malizia kwa kidondoshi, kile kijibomba unachokizungusha kwa vidole kikaangusha punje moja moja. Huu ni utaratibu wa kizamani na sijauona ukishindwa.

Jambo moja la hatari ambalo halisemwi vya kutosha: shingo ya ganda la .223 ni nyembamba. Ukimimina baruti ya vijiti moja kwa moja ndani yake, vijiti vinaweza kukwama vikapandana kwenye mdomo wa bomba. Ganda la kwanza linapata nusu, na la pili linapata mabaki ya la kwanza pamoja na kipimo chake. Ukiona la pili limefurika, usilimwage hilo peke yake ukaendelea. Rudi nyuma kwa lililotangulia. Na kabla ya kushindilia kichwa chochote, yapange maganda yote wima kwenye kibao chake, uyamulike kwa tochi na kulinganisha kimo cha baruti, moja hadi jingine.

Mlengaji wa Mbali aliandika:

Nawashukuru sana wakuu. Naomba kuuliza kitu kimoja kabla sijaendelea. Hii 0.1 ya greini tunayoipigania ina uzito gani hasa kwenye shabaha? Nisije nikanunua usahihi ambao bunduki yangu wala mikono yangu haiwezi kuutumia.

Fundi Mizani aliandika:

Swali zuri, na wengi wangeokoa fedha kama wangeliuliza mapema.

Greini moja ni miligramu 64.8, kwa hiyo 0.1 ni kama miligramu 6.5. Kwa vijiti vya Varget hiyo ni punje nne au tano hivi. Katika ganda la .308, tofauti hiyo hubadili mwendo wa risasi kwa takriban mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde. Kwa mita 100 huwezi kuiona kwenye karatasi hata ukipiga siku nzima. Kwa mita 600 inashusha au kupandisha risasi kati ya sentimita moja na mbili, na hapo bado makosa ya kusoma upepo yatakuwa yameipeleka kando mara nyingi zaidi ya hizo. Kwenye .223 ganda ni dogo, 0.1 ileile ni sehemu kubwa zaidi ya baruti yote, na mwendo unabadilika zaidi. Ila wewe unaipiga kwa mita 100, kwa hiyo haikuhusu.

Zipo mizani za kimaabara ambazo hazitegemei chuma kupinda, bali zinaubeba uzito kwa nguvu ya sumaku-umeme na kupima mkondo uliohitajika kuubeba. A&D FX-120i ni ya aina hiyo, inasoma hadi 0.02 ya greini, yaani punje moja ya kijiti. Wanaoshindana kwa yadi 1,000 wanaithamini, na wana haki. Wewe bado.

Mkongwe wa Benchi aliandika:

Niongeze hapo. Walengaji wa mezani wanaoshindania makundi madogo kwa yadi 100 na 200 walikuwa wakijaza risasi uwanjani, kati ya raundi na raundi, kwa mashine ya ujazo peke yake, bila mizani kabisa. Risasi yao maarufu, 6 PPC ya miaka ya 1970, ilivunja rekodi nyingi kwa utaratibu huo. Siri haikuwa mashine peke yake; ilikuwa mkono. Mpini upandishwe kwa mwendo uleule, ugonge juu kwa nguvu ileile, ushushwe kwa mwendo uleule, na tangi lisiachwe likashuka chini ya theluthi, kwa sababu uzito wa baruti iliyo juu ndio unaoshindilia iliyo chini.

Kasi na Shabaha aliandika:

Nakubali kwamba nilijibu kwa haraka, ila bado naitetea mashine ya kielektroniki kwa ajili ya .308. Vijiti havikatwi ndani yake, kwa kuwa hakuna silinda ya kuvikata. Vinasukumwa tu na bomba linalozunguka. Kasoro yake ni kuzidisha: vijiti kadhaa vinaanguka kwa mpigo mwishoni na unapata 0.1 ya ziada. Wengi huingiza kipande kifupi cha mrija wa kunywea kwenye mdomo wa bomba ili punje zitoke chache, na inasaidia kweli. Kipimo kikizidi, kirudishe kwenye tangi, usikikubali kwa uvivu. Na kwa kuwa ndani yake mna mizani ya aina ileile inayohama, kila baada ya muda hamishia kisahani kwenye mizani ya mkono uthibitishe.

Mlengaji wa Mbali aliandika:

Basi nimeamua hivi: kwanza mizani ya mkono na mawe ya kuhakikia, pamoja na kidondoshi, kisha mashine ya ujazo yenye skrubu ya maikromita (yenye alama za kurekebishia kipimo), kwa ajili ya .223 moja kwa moja na .308 kwa kumalizia kwa mkono. Ya kielektroniki nitaifikiria nikishafika mita 600 na kuona kama ninaihitaji. Swali la mwisho: tangi la mashine ninayoitazama ni la plastiki, na muuzaji anasema baruti inaweza kubaki humo hadi siku nyingine. Ni sahihi?

Mkongwe wa Benchi aliandika:

Hapana ndugu, usimsikilize katika hilo. Baruti nyingi zina nitrogliserini, na hiyo hula aina kadhaa za plastiki. Tangi linabadilika rangi na kuwa kama lenye ukungu. Mwanga na unyevu navyo havifai. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni kwamba baruti iliyo kwenye tangi haina jina. Ukirudi baada ya wiki utaapa kwamba ni ile unayoikumbuka, na baruti mbili zenye kasi tofauti ya kuungua zinaweza kufanana kabisa kwa macho. Liache kopo lake la asili limesimama ubavuni mwa mashine muda wote unaofanya kazi, lisiwepo kopo jingine lolote mezani, na ukimaliza irudishe humo yote, pamoja na ile iliyobaki ndani ya silinda, ambayo haitoki mpaka uvute mpini mara kadhaa tangi likiwa tupu.

Tangi likiwa jipya punje zitang'ang'ania ukutani kwa sababu ya umemetuli. Lipitishie kwanza unga wa grafaiti, au endesha baruti ndani yake mara kadhaa ukiirudisha, maana punje zenyewe zimepakwa grafaiti. Usilioshe kwa sabuni na kulikausha kwa kitambaa. Utakuwa umeanza upya.