Mfalme Ahazi: somo la viongozi lianzie sura gani?

Mtafuta_Mistari
Shalom wapendwa. Naandaa somo la viongozi wa kanisa kuhusu Ahazi, mfalme wa Yuda, muda ni dakika 45. Habari zake zimetawanyika: 2 Wafalme 16, 2 Mambo ya Nyakati 28, Isaya 7. Ukisoma Wafalme, dola ya Ashuru ilimsaidia dhidi ya adui zake. Ukisoma Nyakati, haikumsaidia. Nianzie wapi? Na kosa lake hasa ni lipi, sanamu tu au kuna zaidi? Masomo mengi hufika "alikuwa mwovu" yakaishia hapo.

Karani wa Agano
Mtumishi, anza na Isaya 7:1-13 na uipe dakika 20 nzima. Wafalme inakupa matendo, Nyakati inakupa hasara, lakini Isaya ndiye anayekusogeza karibu na mtu mwenyewe.

Ni kama mwaka 735 K.K. Resini, mfalme wa Shamu kule Dameski, na Peka, mfalme wa Israeli, ufalme wa kaskazini, wanapanda kuja Yerusalemu, na hawakufuata nyara tu. Mstari wa 6 unasema wanataka kumtawaza mwana wa Tabeeli, yaani ukoo wa Daudi ung'olewe. Hofu ya Ahazi ilikuwa na msingi. Usiifanye ya kijinga mbele ya wasikilizaji, maana ukimdharau Ahazi hakuna kiongozi atakayejiona ndani yake.

Isaya anatumwa akamkute mwisho wa mfereji wa birika la juu, katika njia kuu ya uwanja wa dobi. Mji ukizingirwa, kiu huua mapema, hivyo yaelekea mfalme alikuwa anakagua maji. Kazi halali kabisa, na nabii hamkemei kwa hiyo. Anamwambia atulie, asiogope "mikia hii miwili ya vinga": vijinga vilivyokwisha kuungua, vimebaki kufuka moshi.

Mstari wa 9 ndio moyo wa somo: "Kama hamtaki kuamini, bila shaka hamtathibitika." Kwa Kiebrania kuamini na kuthibitika vinatoka mzizi mmoja, a-m-n. Kiarabu nacho kina mzizi huo, na ndiko sisi tulikopata imani, amini na amana. Sasa fungua 2 Samweli 7:16, Mungu anapomwahidi Daudi kwamba nyumba yake itathibitishwa: mzizi ni ule ule. Isaya anamkumbusha Ahazi hati ya kiti anachokalia.

Kisha anaambiwa aombe ishara yoyote, kutoka chini sana au juu sana. Anajibu kwamba hatamjaribu Bwana. Unasikia harufu ya Kumbukumbu la Torati 6:16, na wengi humsifu hapo. Lakini kumjaribu Bwana ni kudai usichopewa. Hii ishara alipewa. Ahazi alitumia andiko kufunga mazungumzo, na kwa viongozi wa kanisa hapo ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwenye sanamu.

Ndipo uende 2 Wafalme 16:7. Anatuma wajumbe kwa Tiglath-pileseri, mfalme wa Ashuru, kusema kwamba yeye ni mtumwa wake na mwana wake. Linganisha na 2 Samweli 7:14: "Mimi nitakuwa baba yake, naye atakuwa mwanangu." Mzao wa Daudi kaenda kujitafutia baba mwingine, tena ada ya kupokelewa kaitoa hazina ya hekalu. Andika mistari hiyo miwili ubaoni, upande kwa upande, uwaache waisome wenyewe.

Mwana wa Ezra
Naongezea kuhusu ile tofauti ya Wafalme na Nyakati. Vitabu havigombani, vinapima kwa vipimo viwili. 2 Wafalme 16:9 inapima tatizo la siku ile: Dameski ikaanguka (732 K.K.), Resini akauawa, watu wake wakahamishwa Kiri. Limekwisha. 2 Nyakati 28 inapima ufalme mzima: Waedomi wamepiga na kuchukua mateka, Wafilisti wamekamata Beth-shemeshi, Aiyaloni, Gederothi, Soko, Timna na Gimzo, hazina tupu, na Ashuru sasa ni bwana. Maandishi ya Tiglath-pileseri mwenyewe yanamtaja mfalme wa Yuda kati ya waliomtolea kodi. Humo jina lake ni refu, Yehoahazi, "Yahwe ameshika". Biblia inamwita Ahazi tu, "ameshika", na haisemi kwa nini. Nawe usiwasemee waandishi.

Usimwache Uria kuhani. Ahazi anaona madhabahu Dameski, anatuma mfano na vipimo vyake, na Uria anaimaliza kabla mfalme hajarudi (2 Wafalme 16:11). Hakuna swali hata moja. Huyu, yaelekea, ndiye yule anayeitwa shahidi mwaminifu katika Isaya 8:2! Halafu soma 2 Nyakati 26:17: Uzia, babu yake Ahazi, alipoingia kufukiza uvumba, Azaria kuhani na makuhani 80 walimzuia usoni pake. Kwa wazee wa kanisa na wahasibu, mfano wa Uria unauma kuliko wa mfalme, maana wao ndio hupokea ramani iliyokwisha kuchorwa.

Tazama pia madhabahu ya shaba. Haikuvunjwa. Ilisogezwa kaskazini ya ile mpya, na Ahazi akasema itakuwa yake ya kuulizia (16:14-15). Kitu cha zamani kinabaki kwa dharura. Baadaye anakata papi (mbavu) za vitako vya hekalu na kuishusha bahari ya shaba, lile birika kubwa la makuhani kunawia, kutoka juu ya ng'ombe wale 12 wa Sulemani, akaiweka juu ya sakafu ya mawe. Mwisho anafunga milango ya hekalu.

Mlinzi Zamu ya Pili
Mawili ya kuangalia.

La kwanza, watu hugeuza somo hili kuwa "usitafute msaada wa mwanadamu". Maandiko hayasemi hivyo, na sura hiyo hiyo ya 28 inakukatalia. Peka alikuwa amechukua mateka 200,000 kutoka Yuda. Odedi nabii akakemea, viongozi wanne wa Efraimu, yaani wa Israeli hiyo hiyo ya Peka ambayo mji wake mkuu ni Samaria, wakasimama mbele ya jeshi lao wenyewe, kisha mateka wakavikwa nguo na viatu, wakalishwa, wakanyweshwa, wakapakwa mafuta, wanyonge wakapandishwa punda hadi Yeriko. Msaada wa wanadamu, tena wa adui. Uongozi bora wa sura nzima uko upande wa Samaria.

La pili, atatokea mtu wa hesabu. Ahazi alianza kutawala na miaka 20, akatawala 16, jumla 36. Hezekia mwanawe alianza na 25, kwa hiyo alizaliwa baba ana 11. Jibu la kawaida ni kwamba baba na mwana walitawala pamoja kwa kipindi, na miaka imehesabiwa kutoka mwanzo tofauti. Lijibu kwa sentensi mbili uendelee, la sivyo litakula somo.

Mtafuta_Mistari
Asanteni sana watumishi. Nimalizie wapi sasa? Nilifikiria Imanueli, Isaya 7:14.

Karani wa Agano
Imanueli ni somo lake peke yake. Ukiligusa dakika ya 40 hutoki. Pitia haraka 2 Nyakati 29: Hezekia anafungua milango mwezi wa kwanza wa utawala wake, na Walawi wanatumia siku 16 kutoa uchafu.

Kisha soma Isaya 36:2 bila maelezo. Ni 701 K.K., miaka zaidi ya 30 imepita, na amiri wa Ashuru amekuja na jeshi kubwa. Amesimama karibu na mfereji wa birika la juu, katika njia kuu ya uwanja wa dobi. Soma mahali hapo polepole. Waliokuwa wakisikiliza Isaya 7 watapatambua.