Mrejesho: ile hadithi ya mzee anayetimiza haja za watu

Aksanti sana ndugu zangu. Mwezi uliopita niliomba msaada wa hadithi yangu ya uhalifu: mzee wa Birere, hapa Goma, anatimizia watu haja zao, kisha anakuja kudai malipo. Nilikwama kwa sababu malipo hayakumtisha mtu. Kila mteja alikufa, basi.

Dada aliyesema "punguza vifo, adai kitu kidogo" ndiye aliyeniokoa. Sasa kuna mama wa Buhene, nyumba yake ilimezwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Mei 2021. Anaiomba irudi, inarudi, hadi ufa wa mlangoni. Mzee anataka tu ufunguo ambao jirani alimwachia mama huyo amtunzie. Mama anaupeleka mwenyewe, amevaa kitenge cha Jumapili. Siku ya tatu chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) inapita na mzigo uliofunikwa turubai, kandambili moja ya jirani ikining'inia. Rafiki yangu alisoma hapo, akanirudishia karatasi kimya.

Ushauri wa kumpa mpelelezi usimulizi haukunifaa (samahani kaka). Nilijaribu sura mbili, akawa anaeleza kila kitu kama padri mimbarini. Nikamtoa. Mwisho bado unalegea, lakini hadithi imeisha.