Mada: Likizo ya Bodensee na watoto, tukae upande gani?

Mama Pacha, Stuttgart

Jamani habari za kazi. Mwaka huu nyumbani hatuendi, nauli za watu wanne zimetushinda. Baba watoto anataka siku tano Bodensee, tulale, tule, tuogelee, basi. Gari hatuna. Nimefungua ramani nikachoka: Ujerumani, Austria, Uswisi, wote wamelizunguka ziwa moja. Tukae wapi? Na kibali cha Ujerumani kinatosha kuvuka?

Kaka wa Friedrichshafen

Karibuni huku kwetu. Kaeni upande wa Ujerumani, mji mmoja, msihamehame. Wageni wangu wote walioondoka wamechoka ni wale waliotaka kulizunguka ziwa zima. Urefu wake ni kilomita 63. Mtu wa Bukoba ataliita bwawa, lakini ukiwa na watoto wenye njaa kituo cha basi, ni safari.

Kutoka Stuttgart kuna treni ya mkoa inayopitia Ulm hadi hapa, na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni na mabasi ya mkoa, inakubalika. Kabla ya kulipia nyumba, muulizeni mwenyewe kuhusu kadi ya mgeni. Sehemu nyingi mnatozwa ushuru wa utalii kila usiku, na kadi inatokana na ushuru huohuo; penye kadi ya namna hiyo mabasi mnapanda bure. Wapo wanaochukua ushuru wakasahau kadi.

Njooni mwanzoni mwa Septemba. Majimbo mengi shule zimeshafunguliwa, sisi wa Baden-Württemberg na Bavaria tu ndio bado tuko likizo, na maji hayajapoa. Agosti hata pa kutandika taulo hupati.

Sasa kuogelea, na hapa msinipite haraka. Watoto wetu wengi wana Seepferdchen, cheti cha kwanza cha kuogelea, wazazi tunapiga picha, tunasema anajua. Cheti kile ni mita 25 kwenye bwawa la kuogelea. Waokoaji wa DLRG wenyewe wanasema mwogeleaji wa kuaminika anaanzia cheti cha juu yake, Bronze. Ziwa hili unatembea maji ya magotini hatua nyingi, halafu ardhi inakatika ghafla. Penye kina zaidi linafika mita 251. Msitoke kwenye fukwe zenye waokoaji.

Tazameni pia taa za rangi ya chungwa ufukweni. Zikimulika polepole, mara 40 kwa dakika, upepo mkali unakuja. Zikifika mara 90 ni dhoruba, toeni watoto majini hata kama jua linawaka. Tena nunueni viatu vya maji. Kuna kome wageni, wanawaita kwaga, wameparamia kila jiwe, na magamba yao yanakata kama wembe. Nyayo zangu ni mashahidi.

Dada wa Konstanz

Kuhusu kibali: kadi halali ya ukaazi ya Ujerumani pamoja na pasi zinatosha kwa Austria na Uswisi, matembezi ya hadi siku 90. Pasi lazima ziwe mkononi, si kabatini Stuttgart. Kama kuna mwenye ile karatasi ya kusubiri kadi, aulize ofisi ya wageni kwanza.

Adui yenu ni simu. Uswisi haimo kwenye mpango wa Ulaya wa kutumia bando lako bila nyongeza, na mawimbi yao yanavuka ziwa. Mimi nilikuwa nimekaa ufukweni upande wa Ujerumani, mtoto anaangalia katuni, simu ikajishikiza mtandao wa Uswisi. Karibu yuro 60 ndani ya mchana mmoja. Zima data ya ugenini, chagua mtandao kwa mkono.

Mkitaka kuvuka na nyama ya kuchoma, Uswisi ni kilo moja kwa kila mtu bila ushuru. Mie nawashauri mchome hukuhuku, pale palipotengwa kwa moto.

Mkija Konstanz, ufukwe wa Hörnle hauna kiingilio. Ila mkiona bango la FKK, geuzeni watoto, huko wanaoga walivyozaliwa.

Mzee wa Lindau

Mmesahau samaki. Mtaambiwa mle Felchen, samaki wa hapa. Upande mkubwa wa ziwa kuwavua kumepigwa marufuku tangu Januari 2024, kwa miaka mitatu, maana wamepungua mno. Kwa hiyo uliza anatoka wapi kabla hujalipia jina. Mimi nimezaliwa Musoma. Mwaka jana nikaingia mgahawa wa ufukweni, nikafungua menyu, nani ananikodolea macho? Viktoriabarsch. Sangara! Nimesafiri miaka thelathini namkimbia, kanitangulia. Nilimla, ila walimnyima ndimu na pilipili.

Mama Pacha, Stuttgart

Shikamoo mzee, umenichekesha hadi jirani kagonga ukuta. Basi tumekata shauri: Friedrichshafen, wiki ya kwanza ya Septemba, na siku moja treni hadi Bregenz tupande mlima Pfänder kwa gari la kamba. Bronze haipo, kwa hiyo hao wawili hawapiti magotini. Kaka, una jiko la mkaa la kuazima?

Kaka wa Friedrichshafen

Ninalo. Mguu mmoja mbovu, tunaliwekea jiwe. Mkaa mje nao, na ndimu za mzee.