Programu ya simu ya kuandalia somo jumuishi: tuanzie wapi?

Mwalimu_Dodoma:
Habari za kazi, walimu wenzangu. Sisi ni walimu wachache wa shule za msingi, tunashirikiana na mtaalamu mmoja wa kompyuta kutengeneza programu ya simu ya kumsaidia mwalimu kuandaa somo ambalo kila mwanafunzi ataweza kulifuata, akiwemo kiziwi na mwenye uoni hafifu. Katika rasimu yetu, mwalimu anachagua kwanza aina ya ulemavu, kisha analetewa mbinu zinazopendekezwa. Je, mpangilio huu unafaa?

Elimu_Maalumu:
Hongereni kwa kazi hiyo, ila mimi nisingeanza na aina ya ulemavu, kwa sababu wanafunzi wetu wengi hawajawahi kupimwa macho wala masikio, na mwalimu atakwama katika ukurasa wa kwanza. Anzeni na kazi zenyewe za somo, kisha muulize ni wapi mtoto anaweza kukwama. Chukueni somo la sehemu katika Hisabati: mwalimu anachora duara ubaoni, analigawa mara nne, na anaeleza huku amelipa darasa mgongo. Kiziwi anayesoma midomo amekwisha kupotea, na mwenye uoni hafifu haoni mistari. Hapo programu ipendekeze mwalimu achore kwanza, ageuke ndipo aeleze, na agawe duara za karatasi ambazo watoto watazikunja kwa mikono yao. Wasiokuwa na ulemavu wowote nao watafaidika. Taasisi ya CAST ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984, imejenga mwongozo wake juu ya wazo hilo: njia mbalimbali za kumvuta mwanafunzi, za kumfikishia maarifa, na za kumwezesha kuonyesha alichojifunza.

Mtaaluma:
Naunga mkono. Nyongeza yangu ni kwamba mapendekezo yaingie moja kwa moja katika andalio la somo, kwenye safu za kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi, kwani mwenye darasa kubwa na kipindi cha dakika 40 hatajaza fomu ya pili. Ifanye kazi bila intaneti pia.

Mwalimu_Asiyeona:
Ninafundisha Historia, na simu yangu naitumia kwa kisoma skrini cha TalkBack, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye kioo cha simu. Programu nyingi za walimu zinanitamkia “kitufe, kitufe” tu, kwa kuwa aliyezitengeneza hakuviandikia vitufe majina. Tafadhali viandikieni, na msitegemee rangi peke yake kuonyesha kosa. Kwa walimu wenye uoni hafifu, viwango vya WCAG, yaani mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wenye ulemavu, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Jambo jingine linalonigusa sana: programu isihifadhi jina la mtoto pamoja na ulemavu wake, maana simu za walimu huazimwa na hupotea.

Mwalimu_Dodoma:
Nawashukuru sana. Ukurasa wa kuchagua ulemavu tunauondoa, na hayo majina ya watoto hatutayahifadhi. Mwalimu wa Historia, ungekubali kuijaribu rasimu mpya kabla hatujaipeleka kwa wengine?