Naipenda Queen tangu ujana ila najua vibao vikubwa tu, nianzie wapi?

Besi_Tamu:
Wakuu, heshima kwenu. Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, naisikiliza tangu kijana na haijawahi kunichosha. Ila ninachokijua ni mikusanyiko ya vibao tu, ule wa 1981 na ule wa 1991. Albamu zenyewe za studio, ambazo ni 15, sijawahi kuzisikiliza mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu ananiambia niziache, eti nje ya vibao kuna makapi mengi na nitaharibu utamu. Mnanishauri nini? Na tafadhali, mtu asije kunijibu kwamba mwimbaji wao, Freddie Mercury, kazaliwa Unguja. Tunajua.

Santuri_Kuukuu:
Kazaliwa Unguja, 1946. Haya, tuendelee.

Anza na A Night at the Opera ya 1975. Bohemian Rhapsody unaijua, lakini humo ndani imewekwa karibu na mwisho, na ukiifikia baada ya kupitia yote yaliyotangulia utaisikia upya. Kuna pia wimbo wa mpiga gitaa wao, Brian May, unaopita dakika nane, na katikati yake sauti zinafuatana zenyewe kwa zenyewe bila chombo. Kwenye mikusanyiko yako haumo. Vaa spika za masikioni.

Mtu_wa_Kona:
Mimi ningeanza na swali: hivyo vibao unavyovipenda katunga nani? Wengi hawaangalii. Queen wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja ana kibao chake kikubwa. Chukua mikusanyiko yako, soma jina la mtunzi, kisha mfuate huyo kwenye albamu.

Ukikuta moyo wako uko kwa May, nenda Queen II ya 1974. Santuri ile haikuwa na upande A na B, ilikuwa na upande mweupe na mweusi. Mweupe karibu wote ni wa May, mweusi ni Mercury mtupu, na nyimbo zake zinapokezana bila kukupa nafasi ya kupumua. Kwangu hakuna walichofanya kikubwa kuliko upande ule. Njia hii inakwama ukifika The Miracle ya 1989, maana hapo waliamua kila wimbo uandikwe jina la bendi.

Gitaa_la_Mbao:
Rafiki yako hajakosea kabisa. Usianze na Hot Space ya 1982. Hawa ni watu ambao majalada yao ya awali yalijigamba kwamba humu hamna sintesaiza, yaani kinanda cha kuunda sauti kwa umeme. Wakalegeza kwenye The Game, 1980, na miaka miwili baadaye ikawa disko. Wimbo wa mwisho, walioimba na David Bowie, ndio unaookoa jahazi.

Santuri_Kuukuu:
Gitaa_la_Mbao, disko ni dhambi tangu lini? Besi ya albamu ile ni raha tupu.

Besi_Tamu:
Nimefuata ushauri wa Mtu_wa_Kona na nimeshangaa. You're My Best Friend, Another One Bites the Dust, I Want to Break Free: zote za John Deacon, mpiga besi wao! Miaka yote nilidhani nampenda Mercury. Sasa?

Mtu_wa_Kona:
Karibu kundini, mkuu. Deacon ni mgumu kumfuata kwa sababu hana albamu yake: anakuachia wimbo mmoja au miwili kila mahali, na hata kuimba haimbi, anamwachia Mercury. Kwa hiyo utalazimika kuzipita zote, na ndiyo faida yenyewe. Anza na Sheer Heart Attack ya 1974, ndimo ulimo wimbo wake wa kwanza, Misfire, haufiki hata dakika mbili. Kisha News of the World ya 1977, utafute Spread Your Wings. Usirukeruke, acha albamu iende.

Innuendo ya 1991 iweke mbali kwanza. Mercury aliirekodi akiwa mgonjwa, akafariki Novemba mwaka huohuo. Ukiisikia mapema, utaanza kusikia ugonjwa hata kwenye nyimbo ambazo hazina.

Gitaa_la_Mbao:
Na Made in Heaven ya 1995? Wenzake waliijenga juu ya sauti alizoacha. Mimi siihesabu.

Santuri_Kuukuu:
Mimi naihesabu. Ila aisikilize baada ya Innuendo, si kabla.