Corolla 110 inavuja oili upande wa giaboksi, sili ya nyuma ishabadilishwa na bado. Nianzie wapi?

Kimara_Mwisho

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwenye hii gari ya mzee, Corolla 110 injini ya 5A giaboksi ya manyuo, imetembea laki mbili na ushee. Inadondosha oili ya injini pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi aliingia chini akasema hiyo sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), basi giaboksi ikashushwa, sili ikafungwa mpya, na klachi pleti nayo tukaweka nyingine maana ya zamani ilishalowa. Ikatulia wiki kadhaa nikajua yameisha, ikaanza upya palepale. Tukarudi gereji wakasema sili ilikuwa feki, ikashushwa tena ikafungwa nyingine, nayo ikatulia kidogo tu, sasa hivi nikitoa gari asubuhi kuna doa sakafuni la ukubwa wa kisahani.

Moshi wa bluu sioni, nguvu iko vizuri, tulienda nayo Iringa ikapanda mlima Kitonga bila kulalamika, ila tuliporudi nikaona imelowa zaidi kuliko ikizunguka hapa mjini. Halafu kwenye foleni kuna wakati nasikia harufu ya oili inayoungua. Natumia oili ya 20W-50. Kuna fundi mwingine ameniambia injini imechoka nitafute ya mtumba. Kabla sijatoa hela tena naomba wenye uzoefu mniambie nianzie wapi, gari ni ya mzee na anaitegemea kwenda kliniki.

fundi_wa_gerezani

Pole sana mkuu. Usikubali giaboksi ishushwe tena mpaka ujue oili inatokea wapi, na kutokea wapi sio pale inapodondokea. Pale kwenye bel hauzi, yaani nyumba ya klachi injini inapoungana na giaboksi, ni chini kabisa ya upande ule, oili yoyote inayotoka juu upande wa kushoto wa injini lazima ipite pale ndo idondoke, kwa hiyo fundi akiingia chini ya gari na tochi akaona pamelowa anasema sili ya nyuma na kwa macho yake hajadanganya, ila hajaangalia juu.

Sasa kwenye 5A distributa, kile kinachogawa moto kwenye plagi, imekaa wapi? Imechomekwa mwisho wa silinda hedi upande huohuo wa giaboksi, upande wa abiria kwa gari zetu. Pale inapoingia kwenye hedi kuna oringi moja ya mpira, ndo inazuia oili. Gari ya miaka ya 95 mpaka 2000 ile oringi kama haijawahi kuguswa ishakuwa ngumu kama plastiki, hainyumbuki tena, oili inapita taratibu inashuka nyuma ya hedi, inafata bloku, inatua juu ya giaboksi halafu inazunguka mpaka chini. Nimeona injini za 4A, 5A na 7A nyingi sana zimeshushiwa giaboksi bure kwa ajili ya kimpira kile.

Na unajiuliza mbona ilitulia wiki kadhaa? Kwa sababu walipofungua walipaosha. Eneo likiwa safi na kavu oili inachukua muda kulowesha kote kule mpaka ianze kudondoka. Hiyo kutulia isikufanye uamini sili ndo ilikuwa shida. Mimi nikisikia imetulia wiki chache halafu imerudi palepale nawaza chanzo hakikuguswa.

Fanya hivi, injini ikiwa imepoa chukua tishu nyeupe, pitisha mkono chini ya distributa pale inapogusana na hedi, halafu pitisha nyingine kuzunguka ukingo wa tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) hasa kona za nyuma na kona ya juu ya distributa. Tishu ikitoka na oili mbichi juu kule, huna sababu ya kuhangaika na chini kwanza. Ile harufu ya foleni nayo inanipa wasiwasi na gasketi ya tapeti kava, manifoldi ya ekzosi kwenye injini hii iko mbele upande wa rejeta, tapeti kava ikivuja mbele inadondokea kwenye moto moja kwa moja. Hiyo usiichelewe, ni hatari ya moto.

Kingine nusa hiyo oili ya chini. Oili ya giaboksi ya manyuo ina harufu kali sana inayobaki kwenye vidole hata ukinawa na sabuni. Kama ni hiyo basi ni sili ya shafti ya giaboksi na ni kesi nyingine kabisa.

Mama_Nyakato

Fundi kaeleza vizuri, naongezea upande wa kuosha maana hapo ndo watu wengi wanaharakisha. Gari ikiwa imelowa kote huwezi kujua chochote, kila sehemu inaonekana inavuja. Mimi yangu ya Mwanza nilioshesha injini kwa brashi na dawa ya grisi, distributa, waya za plagi na altaneta tukafunika na nailoni maji yasiingie, ikapulizwa na upepo mpaka ikakauka kabisa. Halafu fundi akapuliza poda ile nyeupe ya miguu sehemu zote za kushukiwa. Ukiendesha kidogo ukarudi poda inakuwa imebadilika rangi pale oili inapoanzia, unaona mstari wake unavyoshuka. Angalia sehemu ya JUU kabisa iliyolowa na ya MBELE kabisa, kwa sababu upepo wa barabarani unasukuma oili kurudi nyuma. Zile zilizolowa chini yake achana nazo kwanza.

Kuna pia ile rangi inayowekwa ndani ya oili unaendesha kidogo halafu unamulika na tochi ya mwanga wa zambarau, oili inang'aa kijani au njano. Mwenye uvujaji mdogo sana hiyo inamfaa kuliko poda.

Na usisahau vitu vidogo, swichi ya presha ya oili na oili filta. Kuna mtu alivuja mpaka akakata tamaa kumbe mpira wa filta ya zamani uliganda kwenye bloku, filta mpya ikafungwa juu yake.

Bandiko_Moja

Mkuu mbona rahisi, kuna dawa ya kuzuia uvujaji unamimina kwenye oili inaisha yenyewe. Au weka oili nzito zaidi.

fundi_wa_gerezani

Ndugu yangu hiyo dawa kazi yake ni kuvimbisha mpira wa sili ulionyauka, kwa sili iliyokauka kidogo inaweza kusaidia kwa muda, sikatai. Ila oringi iliyokwisha kukatika au gasketi iliyopinda haitengenezwi na dawa, na kwa gari anayopanda mzee wetu kwenda hospitali sipendi abahatishe. Oili nzito ndo hivyohivyo, inapunguza mdondoko lakini asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu), na yeye tayari yuko 20W-50, akienda nzito zaidi atakuwa anaumiza injini ili kuficha doa.

Na mkuu Kimara akitokea mtu wa kukupakia silikoni nje nje juu ya gasketi kataa. Silikoni inashika kwenye chuma safi kikavu, juu ya oili haishiki. Na hata kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, ambako ndo inatakiwa, ikizidi inaminyikia ndani, inakatika vipande, vinaenda kuziba chujio la pampu ya oili, taa ya oili ikiwaka hapo krenki inakula beringi na injini imekufa kwa sababu ya uvujaji wa buku mbili.

kizingo_msa

Salaam aleikum wote. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni gari ndogo za Kijapani. Nimesoma yote na nakubaliana na distributa, lakini kuna kitu kaka kaandika hapo juu naona kimepitwa, kasema aliporudi safari ndefu ilikuwa imelowa zaidi kuliko akizunguka mjini. Na sili mbili mpya zote zimevuja. Hapo mimi nauliza PCV.

Injini yoyote gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni ikaingia chini kwenye krenki, hata mpya. Ile gesi yatakiwa itoke, ivutwe kupitia valvu ya PCV iliyochomekwa juu ya tapeti kava, iende kwenye manifoldi ya kuvuta hewa ikaungue. Valvu ikiziba kwa masizi gesi haina pa kutokea, inakuwa kama sufuria iliyofungwa mfuniko kwa nguvu, inatafuta pahali palipo dhaifu. Ukiendesha mwendo mrefu kwa raundi nyingi gesi ni nyingi zaidi, na inasukuma oili kwenye sili, kwenye gasketi, kwenye hiyo oringi ya distributa, popote. Wee utabadilisha sili hadi uchoke, ukiziba hapa inatokea kule.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Washa gari iwe sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, chomoa valvu kwenye tapeti kava ikiwa bado na mpira wake, ziba tundu kwa kidole. Lazima usikie inavuta kidole. Haivuti, basi valvu au mpira umeziba. Kisha itoe kabisa, puliza kutoka upande wa tapeti kava, hewa ipite kirahisi, puliza upande wa manifoldi, ipite kwa shida. Usiivute kwa mdomo, ndani mna mvuke wa petroli. Wengine huitikisa wasikie inagonga ndani, ni dalili nzuri lakini hiyo peke yake haitoshi, inaweza kugonga na bado ni chafu.

Halafu fungua mfuniko wa kujazia oili gari ikiwa yawaka. Mvuke kidogo ni kawaida. Ukiona moshi unatoka kwa mapigo puf puf puf na mfuniko unarukaruka ukiuweka juu, na ndani ya nyumba ya ea klina kuna oili, basi ringi zimechoka na hapo yule fundi wa injini ya mtumba ana hoja. Lakini hata hapo usinunue injini kwa maneno, pima kompresheni silinda zote. Iliyo chini tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda vizuri ni ringi, isipopanda angalia valvu au gasketi ya hedi. Kwa gari isiyotoa moshi na inapanda mlima vizuri mimi sidhani kama utafika huko.

Kimara_Mwisho

Wakuu asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeosha kama dada wa Mwanza alivyoelekeza, tukaweka poda. Tishu chini ya distributa ilitoka imelowa oili mbichi kabisa, na poda ikaonyesha mstari unaoanzia hapohapo unashuka kwenye giaboksi. Tapeti kava nayo mbele inavuja kwenye kona. PCV ilipochomolewa haikuvuta kidole kabisa, imejaa uji mweusi na mpira wake umekuwa mgumu. Mfuniko wa oili haurukiruki, mvuke ni mdogo. Kuzunguka bel hauzi kwa chini hakuna oili inayotokea ndani, yote inatoka juu.

Sasa fundi wa jirani anataka kutoa distributa, mwenzake anamwambia akiitoa gari haitawaka. Ni kweli?

fundi_wa_gerezani

Itawaka mkuu, ila kuna utaratibu. Distributa ikizungushwa hata kidogo taiming ya moto inabadilika. Kabla hajalegeza boliti achore alama kwa msumari au rangi nyeupe inayopita kwenye mwili wa distributa na kwenye hedi, na afungue kofia aone rota inaelekea wapi aandike. Gari isizungushwe krenki wakati iko nje. Akirudisha alama zikutane. Oringi mpya aipake oili, asiisukume kavu itajikunja ikatike.

Baada ya hapo aweke taiming kwa taa, sio kwa sikio. Kwenye injini hizi unaunganisha kwa waya tundu za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha dayagnosisi, sailensa, taiming isome digrii 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, halafu unachomoa waya. Kama hana taa ya taiming tafuta mwenye nayo, wapo.

Tapeti kava asikaze kwa hasira. Nati zake zinataka nguvu ndogo sana, kama Newton-mita 6 hivi, akikaza sana gasketi inaminywa inatoka nje na kava inapinda, na hiyo ndo sababu nyingi zinavuja siku chache baada ya kubadilishwa. Aangalie na mashimo ya plagi kama yana oili. Asafishe mfereji wa gasketi mpaka ung'ae.

PCV weka mpya na mpira mpya, usioshe hiyo ukairudisha. Na mkishamaliza pakagueni na huku upande wa taiming belti, kama presha ilikuwa imekaa muda mrefu sili ya mbele ya krenki na ya kamshafti zinaweza kuwa zimeanza kutoa. Belti ikilowa oili haidumu.

Kimara_Mwisho

Imefungwa yote, taiming imepigwa taa, harufu ya kwenye foleni imeisha. Nimeweka boksi chini kila usiku naangalia, mpaka sasa kavu, ila nimeelewa kwamba kukauka wiki chache sio ushahidi kwa hiyo naendelea kuangalia na tishu kule juu kila nikipima oili. Upande wa belti kuna unyevu kidogo kwenye sili ya kamshafti, hiyo tutaibadilisha pamoja na belti mwisho wa mwezi. Mzee anawasalimu.

Binti_wa_IST

Samahani kwa kudandia uzi, mimi nina Toyota IST injini ya 1NZ inavuja mbele upande wa mikanda. Na mimi niangalie distributa?

kizingo_msa

Dada 1NZ haina distributa, na ni ya cheni sio belti. Wewe osha kwanza kama walivyosema, kisha angalia juu mbele kwenye hedi kuna ile valvu ya VVT-i (inayotumia oili kubadilisha taiming ya kamshafti), oringi yake huvuja ikashuka upande huo. Pakiwa pakavu shuka kwenye ukingo wa kava la cheni, lile limefungwa kwa silikoni bila gasketi na likianza kutoa ni kazi kubwa kidogo, na mwisho ni sili ya krenki nyuma ya puli. PCV pia unayo, ipime kabla ya vyote.