Kutoa 401(k) mapema, kukopa humo humo au kugusa Roth: ipi ina nafuu ya kodi?

Msafiri_wa_Ohio: Wakuu, salaam. Nina miaka 43, naacha kazi mwisho wa mwezi na nahitaji dola 20,000. Nina 401(k), yaani akiba ya uzeeni ya kazini hapa Marekani, na Roth IRA ya siku nyingi, yaani akaunti binafsi ya uzeeni niliyochangia pesa iliyokwisha kulipiwa kodi. Kwenye simu wameniambia nikitoa 401(k) watakata 20% tu. Nitoe?

Hesabu_Kali: Hiyo "20% tu" ndiyo inayowaponza watu. Ni kodi iliyolipwa mapema, siyo deni lote. Dola 20,000 zinajumlishwa na mshahara wako wa mwaka huo. Tuseme zote zimeangukia daraja la kodi la 22%: hapo ni 4,400. Hujafika miaka 59 na nusu, kwa hiyo ongeza adhabu ya 10% ya kutoa mapema, yaani 2,000. Jumla 6,400. Wao wamekata 4,000, wewe umepokea 16,000 na umeshazitumia. Aprili IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanakudai 2,400 nyingine. Na hapo sijagusa kodi ya jimbo. Walioko California wana adhabu yao ya 2.5% juu ya hiyo.

Dada_Makini: Kwa nini asikope? Mipango mingi inaruhusu hadi nusu ya pesa iliyo yako kabisa, mwisho dola 50,000, unalipa ndani ya miaka 5. Hakuna kodi, na riba inarudi kwenye akaunti yako mwenyewe.

Fundi_Ritani: Dada, soma tena, anaondoka mwisho wa mwezi! Akishaondoka, mipango mingi hudai salio lote. Asipolipa, linahesabiwa kuwa pesa aliyotoa: kodi na ile 10% vyote vinamrudia. Njia ya kujinusuru ni kuweka kiasi hicho kwenye IRA (akaunti binafsi ya uzeeni) kabla ya siku ya mwisho ya ritani, yaani tamko la kodi, ya mwaka huo. Mtu asiye na mshahara atakitoa wapi?

Dada_Makini: Haya, hapo umenishinda.

Hesabu_Kali: Mimi ningeanza na Roth IRA. Michango uliyoweka mwenyewe ndiyo hutoka kwanza, haina kodi wala adhabu, umri wowote. Faida ndiyo yenye masharti. Jumlisha michango kwenye fomu 5498 za kila mwaka, zile zinazoonyesha ulichochangia IRA, usikisie.

Mzee_wa_Zamu: Si kwa kijana wa 43, lakini wapo wanaosoma kimya kimya. Ukiacha kazi mwaka unaotimiza 55 au baadaye, 401(k) ya mwajiri huyo haina ile 10%. Kodi ya kawaida ipo. Ukishaihamishia IRA, nafuu hiyo imekwenda. Mimi niliiacha pale pale.

Msafiri_wa_Ohio: Nimejumlisha, michango ya Roth ni 13,500. Hizo 6,500 zilizobaki je?

Fundi_Ritani: Unaweza kungoja hadi Januari? Zikitoka mwaka ujao zitahesabiwa kwenye mapato ya mwaka ujao. Ile 10% kwa kawaida haikwepeki, lakini kama mshahara utashuka, huenda ukaangukia daraja la 12%.

Msafiri_wa_Ohio: Utashuka sana, narudi shule. Basi Roth sasa, 401(k) naihamishia IRA, zilizobaki Januari.

Hesabu_Kali: Sawa, ila waambie wahamishe moja kwa moja. Pesa ikipitia mkononi mwako wanakata 20%, na una siku 60 kuijaza yote, pamoja na hiyo waliyokata, kutoka mfukoni.